Cha Juu Kinatuumiza Mafundi Wenyewe

Mafundi wenzangu wa kuchomelea hapa Tanga, tuache kuficha hela ya ufundi ndani ya bei ya vyuma. Najua kuna watakaonuna, na wengine tunakaa banda moja.

Mchezo wenyewe tunaujua. Mteja anataka geti. Ukimwambia ufundi 150,000, anashtuka: "Siku mbili tu hizo, fundi!" Unashuka hadi 80,000, yeye anafurahi, na wewe kimyakimya unapandisha orodha ya vifaa. Siku akiamua kwenda mwenyewe dukani Ngamiani, cha juu kimekwenda na maji, umebaki na 80,000 yako. Hapo ndipo fundi anapoanza kutopokea simu, na mji mzima unasema mafundi waongo.

Taja 150,000 yako na uieleze. Siyo ujira wa siku mbili. Humo mna kodi ya banda, umeme wa LUKU, disiki za kukatia, vijiti vya kuchomelea, msaidizi, guta la kufikisha geti Raskazone, na zile siku za masika ambazo hapiti mtu kuulizia hata dirisha.

Vifaa navyo vielezwe. Chukua geti la mabawa mawili, kila bawa upana wa ndani mita 1.5 na urefu mita 2.1, na ukanda mmoja katikati. Fremu tu inataka vipande 4 vya mita 2.1 na 6 vya mita 1.5, jumla mita 17.4. Bomba la mraba ni mita 6, kwa hiyo mwenye kalkuleta atasema matatu yanatosha. Hayatoshi. Mawili ya kwanza kila moja linatoa 2.1, 2.1 na 1.5. Vinabaki vipande 4 vya 1.5, yaani mita 6 kamili, na disiki inakula chuma kila inapokata. Kipande cha mwisho lazima kipungue. Na hapo hujauziwa bomba la mita 5.8! Usipomweleza mteja haya, ataamini bomba la nne umelipeleka kwako. Wapo wanaolipeleka, tusidanganyane.

Akiomba apunguziwe, sawa, lakini ipungue kazi. Mimi husema: "Mama, tutoe maua ya juu, bei ishuke." Maua hayafungi geti. Rangi ya kuzuia kutu siitoi hata akiniita mwanawe, kwa sababu kwa hewa ya chumvi ya huku kutu itatokeza kwenye maungio mapema, na atakayesemwa ni mimi.

Mengine ni ya karatasi. Bei niandikayo inadumu wiki mbili, maana bei ya chuma dukani siipangi mimi. Kianzio kinatosha vifaa vyote. Ufundi nalipwa nusu fremu ikisimama, nusu geti likifunga. Anayetaka vifaa anunue mwenyewe, karibu sana: orodha ni hii, na ufundi ni uleule.