Kibali huulizwa siku ya malipo

Juzi kwenye basi la Masasi kwenda Newala, mama mmoja alisema watu wa ng'ambo, Msumbiji, wanatumalizia vibarua. Karibu basi zima likaitikia. Nikanyamaza mpaka stendi, na mpaka leo sijalala vizuri.

Hizo kazi tunazisema zipi? Palizi ya mikorosho, jua la mchana, nyasi zimefika kiunoni. Tunawaita wenyewe wavuke mto Ruvuma, tunapatana kwa ekari, wanalala kibandani shambani na wake zao. Palizi ikiisha tunawaambia wasubiri mnada wa korosho. Mtu aliyepalilia mwezi wa nne asubiri mnada wa mwezi wa kumi, ale nini? Akidai, anatishiwa Uhamiaji. Nimeliona nyumbani kwa mjomba wangu. Ekari tatu zilipaliliwa zikawa safi kama uwanja, kisha bwana aliyezipalilia akaondoka usiku bila hata mia. Jembe lake lilibaki limeegemea mwembe. Nilikuwepo, sikufungua mdomo.

Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inataka mgeni awe na kibali cha kazi, sawa. Na yaliyotokea Kitaya mwaka 2020, kijiji cha Mtwara kilipovamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo, hakuna aliyeyasahau, mpaka lazima ulindwe. Lakini mbona kibali hakiulizwi siku ya kupatana? Kinaulizwa siku ya malipo. Huo si ulinzi wa mpaka, ni wizi.

Na sisi Wamakonde ndio tunaofanya hivi! Wazee wetu wangapi walivuka mto huohuo kuja kuwa manamba, vibarua wa mashamba makubwa, kukata mkonge Lindi na Tanga? Wengine walifika hadi Kwale, Kenya, wajukuu wao wakakaa bila vitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi, Oktoba 2016, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilitokwa na machozi ya furaha. Furaha hiyo inaishia wapi tukirudi shambani?

Mapatano ya palizi yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji: ekari ngapi, bei gani, tarehe gani. Na kibali cha msimu kipatikane hukuhuku mpakani, kwa gharama ambayo mtu wa jembe anaiweza.

Mjomba, shikamoo. Najua utasomewa haya. Shemeji yake yule bwana bado yuko Kilambo, pale mpakani, na bei ya ekari tatu unaikumbuka. Jembe nitalipeleka mimi.