Kamera ingeifuata kadi

Filamu "Call Jane" ilianza kuonyeshwa kumbini Marekani Oktoba 2022, miezi minne tu baada ya Mahakama ya Juu ya huko kuifuta hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyolinda haki ya kutoa mimba. Inamfuata Joy, mama wa nyumbani mwenye maradhi ya moyo, ambaye hospitali imekataa kumtoa mimba. Sigourney Weaver kaigiza vizuri mno. Ila filamu imemng'ang'ania mtu mmoja, tena wa kubuni, wakati Jane ya kweli, kundi la siri la wanawake wa Chicago lililowasaidia wenzao kutoa mimba kinyume cha sheria, 1969 hadi 1973, ilisimama kwa kazi ya makaratasi.

Mwanamke alipiga simu, akaacha ujumbe kwenye mashine. Akapigiwa, kadi ikajazwa: jina, simu, umri, mimba ina wiki ngapi, ana maradhi gani, ana shilingi ngapi mfukoni (dola, tuseme). Kikaoni kadi zilizungushwa mkono kwa mkono, kila mshauri achukue zake. Mimba ikiwa kubwa, kadi yake ilizunguka sana kabla ya kumpata wa kuichukua. Hapo ndipo palipokuwa na filamu!

Siku yenyewe zilihitajika nyumba mbili. Ya kwanza ya kusubiria, pamoja na waume, watoto na marafiki waliosindikiza. Kutoka hapo dereva aliwapeleka wanawake wachache wachache hadi ya pili, ambayo wasindikizaji hawakuijua.

"Daktari" naye, yule mwanamume aliyewatoa mimba, kapewa nafasi kubwa kwenye filamu, sawa. Ilipojulikana kwamba hakuwa daktari, baadhi ya wanachama waliondoka. Waliobaki wakajifunza kazi na kuifanya wenyewe. Bei ikaporomoka kutoka dola 500 na zaidi hadi 100 hivi, na asiye nazo alitoa alichonacho. New York iliporuhusu utoaji mimba mwaka 1970, wenye nauli ya ndege wakaenda huko. Simu ya Chicago ikabaki ya maskini, wengi wao weusi, wakihudumiwa na kundi ambalo karibu lote lilikuwa la weupe. Mzigo huo filamu imemtwisha Gwen, mwanachama mweusi, peke yake, kisha ikapita.

Mei 3, 1972, polisi waliwakamata wanachama saba. Kadi zilikuwa kwenye mkoba wa mmoja wao. Ndani ya gari la polisi walinyofoa vipande vyenye majina na anwani, karatasi ngumu ile, wakavitafuna na kuvimeza.