Milioni Mbili, Tena Mkononi

Mimi jamani sina tamaa. Muulizeni yeyote pale mtaani kwetu Kimara. Sijawahi kumwomba Mungu ghorofa Masaki, wala gari lile la kupandia ngazi. Ninachotaka ni shilingi milioni mbili kwa mwezi, basi. Lakini ziwe mkononi, si kwenye karatasi. Kwenye karatasi hata mimi ni mtu wa maana.

Matumizi yake nimeshayaandika kwenye daftari. Kodi ya nyumba, ada za watoto, chakula, nauli, vocha, kidogo cha mama kijijini, kidogo cha kulipia kiwanja Chanika hata kama ni bondeni, na kidogo cha kudunduliza mpaka nipate IST, ili na mimi siku moja mvua ya Dar inikute ndani ya kitu chenye milango. Daftari hilo mke wangu amelisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, hasemi kitu. Alipomaliza akauliza, "Na vikoba?" Nikamwambia vikoba tutaangalia. "Na sendofu ya mdogo wangu?" Nikamwambia hiyo itajipa. "Na mtu akiumwa?" Nikamwambia hii bajeti ni ya watu wazima wa afya. Akalifunga, akaliweka juu ya kabati kule zinakokaa kadi za michango. Tangu hapo likitajwa anacheka kwanza, halafu ndiyo anajibu.

Sasa kazini mimi nimeandikiwa laki nane. Hizo laki nane na mimi huwa nazisikia tu. Kwanza inatoka asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, Sh80,000, nije nizile wakati sina meno. Inabaki Sh720,000, na hiyo ndiyo inayopigwa kodi ya mapato. Kodi nayo ina madaraja. Mpaka Sh270,000 hawakugusi. Kutoka hapo mpaka Sh520,000 wanachukua asilimia 8, na kutoka hapo mpaka Sh760,000 wanachukua asilimia 20. Ukinipitisha mimi humo natoka nimepungua Sh60,000. Nikidhani yamekwisha, anaingia mkopo wa elimu ya juu: asilimia 15, tena si ya kilichobaki, ni ya mshahara mzima kabla haujaguswa na mtu. Sh120,000. Lile ni bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, mnalikumbuka? Lilikuwa likiingia, hosteli nzima haijui kupika. Tulikula chipsi mayai asubuhi, mchana chipsi kuku, jioni tunashauriana. Chipsi zenyewe zilimalizika siku ile ile. Malipo yake ndiyo haya, na mwili ule wa chipsi nao umeshaondoka.

Ukitoa hayo yote, mkononi inafika Sh540,000. Hapo sijatoka hata getini.

Na msidhani serikali haijawahi kunihurumia. Mwaka 2021 lile daraja la asilimia 9 lilishushwa likawa asilimia 8. Redioni watu walishangilia, na mimi nikashangilia. Jioni nikakaa chini nikapiga hesabu: unafuu kwa mtu aliyelijaza daraja lile lote ni Sh2,500 kwa mwezi. Nikala wali maharage kwa furaha, mchana wa siku moja, nikauaga unafuu wangu mpaka mwezi ujao.

Basi ndoto yangu ya milioni mbili nikaipeleka kwa dada wa uhasibu, maana yeye ana mashine na hana huruma. Nikamwambia, "Dada, hebu nipigie. Nikiandikiwa milioni mbili, naondoka na ngapi?"

Akapiga. "Milioni moja, laki moja na thelathini na mbili elfu."

Nikamwambia labda amekosea kitufe. Akarudia polepole, kama anayemsomea mtoto barua ya shule. Mfuko laki mbili. Kodi laki tatu na sitini na nane, kwa sababu ukivuka milioni unaingia kwenye asilimia 30. Mkopo laki tatu. Nikatazama ile mashine, ikanitazama. Yaani ningepandishwa kutoka laki nane mpaka milioni mbili, nikachinja mbuzi, nikawapigia simu ukoo mzima, halafu mwisho wa mwezi naongezewa chini ya laki sita.

"Sasa ili mbili ifike mkononi, niandikiwe ngapi?"

Hapo alipiga kwa muda kidogo. "Milioni tatu, laki nane na nane elfu na ushee." Akanitazama juu mpaka chini, kwenye viatu akakaa sana. "Kaka, kwani wewe unataka kumpita meneja?"

Akanieleza kitu ambacho angeninyamazia ningemshukuru zaidi. Mtu mwenye mkopo kama mimi, akishavuka huko milioni na kitu, kila Sh1,000 anayoongezewa inamfikia Sh480. Mia moja kwenye mfuko wa hifadhi, mia mbili na sabini kodini, mia moja na hamsini chipsini. Kwa hiyo mimi nikiomba nyongeza, zaidi ya nusu nawaombea wengine. Ningetarajia basi na wao waje tuingie pamoja kwa mkurugenzi. Hawaji. Naingia peke yangu.

Na huko kwenye kuomba ndiko kuna vituko. Matangazo ya kazi siku hizi yanaandika "mshahara: maelewano". Nimekwenda kwenye usaili wa maelewano, nimeyaona. Wao wanaelewana, mimi naelewa. Unakaa mbele ya watu watano, kila mmoja na chupa yake ya maji, wewe huna, na baada ya kukuuliza kuhusu malengo yako ya miaka mitano, mama wa rasilimali watu anavua miwani: "Unatarajia tukulipe kiasi gani?" Lile swali halina jibu. Ukitaja kidogo, wanaandika haraka kabla hujabadili mawazo. Ukitaja kikubwa, wanatazamana, na yule wa pembeni ambaye hajasema neno tangu asubuhi ndiye anayekohoa. Kuna jibu la watu wote, "kulingana na taratibu za kampuni", na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu taratibu za kampuni ndizo zilizowafanya watangaze maelewano.

Mimi siku ile nilisema milioni nne. Nilishapigiwa hesabu, niliijua thamani ya mbili. Mama akavaa miwani yake tena. Akauliza kwa sasa nalipwa ngapi. Sasa hapo, ndugu zangu, laki nane itapitaje mlango ule ule iliopitia milioni nne? Nikasema mshahara wangu wa sasa ni siri kwa mujibu wa mkataba. Wakanishukuru. Walisema watanipigia, na mimi simu yangu naiweka hewani hata bafuni.

Mchana huwa tunakula kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, na pale ndipo bunge la mishahara linapokaa. Mlinzi wetu, babu mmoja mwenye heshima zake, lengo lake ni laki tatu na nusu. Hataki zaidi. Anasema pesa ikizidi hapo wanawe waliopotea watakumbuka nyumbani. Dada wa mapokezi anataka milioni na nusu, na hataki kuulizwa za nini. Dereva wa bosi yeye mshahara hajali kabisa. Anasema, "Mshahara ni wa familia, posho ndiyo yangu." Yule anaishi kwa safari. Ukimtajia nyongeza anapiga miayo, ukimtajia semina Dodoma siku nne anakwenda kupuliza upepo tairi. Mke wake anaujua mshahara mpaka shilingi ya mwisho, na ndoa yao ni imara sana.

Lakini anayenisumbua akili ni afisa mmoja wa ghorofa ya juu. Huyu anapata hiyo milioni nne ninayoiota. Nimeiona siku karatasi yake ilipokwama kwenye printa. Na huyu huyu, ikifika tarehe 18, anashuka taratibu, anazunguka nyuma ya meza yangu, ananiita "mdogo wangu". Akishaniita mdogo wangu najua ni elfu ishirini. Ana mkopo wa gari, mkopo wa benki wa kumalizia nyumba, shule ya watoto yenye basi la njano, na wale wakopeshaji wa kausha damu ambao namba zao hapokei tena. Chakula anakula kwa deni kwa mama ntilie yule yule. Sasa mimi nimtazame nani ili nitie moyo? Nikitazama chini namwona mlinzi ana amani. Nikitazama juu namwona mtu anayenikopa.

Halafu kuna watu ambao mshahara wako wanaujua kuliko wewe. Ndugu. Mjomba wangu kule kijijini ameshanipangia, hapokei maoni: mtu wa shahada, ofisi Dar es Salaam, meza yenye kompyuta, hapungui milioni tatu. Yeye makato hayajui, na ukimweleza anasema vijana wa siku hizi mna maneno. Akipiga simu haanzi na shida, anaanza na mvua. Mvua ikishanyesha vya kutosha anaingia kwenye bati za nyumba ya bibi. Nikimwambia mjomba hali ni ngumu, anacheka kicheko cha mtu anayejua siri yako: "Haya bwana, sisi tunajua mnakula kuku kwa mrija." Kuku! Mimi kuku tunaonana sikukuu, tena naye akija kwa vipande.

Na michango. Kadi ya harusi inaletwa ofisini na mtu usiyemjua jina, imeandikwa singo elfu hamsini, dabo laki moja. Ukitoa singo, mkeo anauliza yeye amekufa? Ukitoa dabo, umekwenda kula wali wa kamati kwa bei ya gunia la mkaa. Mwenye kamati naye amekuunganisha kwenye kundi la simu bila kukuuliza, na kila asubuhi anabandika orodha ya waliolipa. Jina lako lipo, mbele yake nafasi tupu.

Lakini kilichonimaliza ni Mei Mosi ya mwaka 2025. Sherehe za kitaifa zilikuwa Singida, na Rais akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai. Jambo jema. Niliwapigia makofi walimu na manesi nikiwa sebuleni kwangu. Mimi ni wa sekta binafsi, sherehe ile kwangu ilikuwa ya kutazama. Ila mwenye nyumba wetu naye ana redio. Wiki haikuisha, hodi. Shikamoo mzee, marahaba. Amekaa, amesifia watoto wamekua, amekunywa chai. Halafu: "Nimesikia wamewaongezea."

"Hapana mzee, wameongezewa watumishi wa serikali. Sisi ni kampuni."

"Kwani mshahara si mshahara?"

"Mzee, tena wamepandisha kima cha chini. Si kila mtu anapata hiyo asilimia 35."

Akafikiri, akapuliza chai. "Basi na mimi sitapandisha 35," akasema kwa upole kabisa. "Nitapandisha 20. Lakini ulipe ya miezi sita kwa mkupuo." Mke wangu akamwongezea chai. Mpaka leo sijui alikuwa upande gani. Muuza duka wa jirani naye alikuwa na redio. Muuza mkaa hana, ila alisimuliwa.

Kwa hiyo wiki iliyopita, mkurugenzi aliponiita ofisini kwake na kunikaribisha niketi, moyo ulinipiga. Kule watu hawaketishwi. Akasema wamefuatilia utendaji wangu. Akasema kampuni inathamini watu wake. Mimi kichwani nilishafika milioni tatu, laki nane na nane elfu na ushee. Akanipa bahasha, akanipa mkono, akanipongeza. Niliifungulia chooni kwa heshima yake. Kuanzia tarehe moja mimi ni Mratibu Mwandamizi. Majukumu yameongezeka, yameorodheshwa ukurasa mzima, mpaka funguo za stoo. Kuhusu mshahara kuna mstari mmoja chini kabisa: marekebisho yatafanyika hali ya kifedha ya kampuni itakaporuhusu.

Habari ilinitangulia kufika kwa mama ntilie. Nilikuta meza nzima imesimama. "Mwandamizi! Tupongeze!" Wakaagiza soda kabla sijakaa, na dereva, ambaye mshahara haumhusu, akaagiza na nyama ya kuongezea. Afisa wa ghorofa ya juu alishuka siku hiyo kabla ya tarehe 18, akanikumbatia, akaniita mdogo wangu. Dada wa uhasibu peke yake ndiye aliyekaa kimya. Alikuwa ameshaiona barua, akawa anakunywa soda yangu kwa huruma. Mama ntilie akaniandika daftarini jina jipya, Bosi, akalihamishia deni la zamani lote.

Nilipotoka jioni, yule babu mlinzi alisimama wima, akanipigia saluti. Haijawahi kutokea tangu nianze kazi pale. Nikaitikia kwa kichwa, nikapita, nikageuka. Mkono bado uko kwenye kofia, babu anasubiri. Nikatoa elfu moja ya nauli nikampa. Mwandamizi huwezi kupita hivi hivi. Nilipanda daladala kwa kumwahidi konda kwamba kesho nitampa, na konda akaniambia kitu ambacho mke wangu hataki nikirudie mbele ya watoto.