Usimwambie bibi anunue eafoni

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye basi kutoka Tabora kwenda Kigoma. Bibi mmoja aliyekaa siti ya mbele yangu alimwomba konda apunguze sauti ya spika, tena kwa adabu kabisa: "Mwanangu, nisaidie kupunguza kidogo, kichwa kinaniuma." Tulikuwa hatujafika hata Urambo. Spika ilikuwa juu ya kichwa chake, singeli ilikuwa inapigwa tangu tunatoka stendi, na bibi mwenyewe alikuwa anatoka hospitali, bahasha ya eksirei kaipakata. Konda akageuka, akaninyooshea kidole mimi, akasema: "Bibi, mwangalie dada huyo. Kavaa eafoni zake, katulia. Na wewe mwambie mjukuu wako akununulie."

Wapo waliocheka. Nilizitoa pale pale nikamwambia konda apunguze, na mzee wa siti za upande wa pili akaniunga mkono. Sauti ikashuka. Tulipopita Kaliua ikapanda tena kama kawaida. Lakini kilichoniuma zaidi ya kelele yenyewe ni kwamba kitu nilichonunua kwa pesa yangu ili nisafiri salama kiligeuzwa kuwa jibu la kumfunga bibi mdomo.

Nazipenda hizi eafoni za kukata kelele, na sitaki mtu aelewe vinginevyo. Kazi yangu inanipeleka Kigoma mara kwa mara na najua zimenipunguzia nini. Kwa kuwa nazijua, najua pia kwamba konda alikosea hata kwa upande wa kifaa chenyewe.

Ndani ya kila eafoni ya aina hii kuna maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele ya nje, na chipu inayotengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha kelele hiyo. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana, na wewe unabaki na utulivu. Wazo lenyewe ni la zamani; Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, alikuwa anarudi nyumbani kwa ndege kutoka Zurich, akavaa hedifoni za ndani ya ndege, muziki ukamezwa na mngurumo, akaanza kupiga hesabu za dawa yake humo humo angani. Hedifoni za kampuni yake kwa ajili ya marubani ziliingia sokoni mwaka 1989. Basi angalia teknolojia hii ilizaliwa kupambana na nini: injini ya ndege, sauti nzito, ya chini, isiyobadilika saa baada ya saa. Hapo ndipo ilipo nguvu yake hadi leo.

Ndiyo maana kwenye treni yetu zinafanya kazi nzuri ajabu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mtu aliyelala kwenye behewa usiku kati ya Kaliua na Uvinza anaujua ule mngurumo unaopanda kutoka kwenye magurudumu hadi kwenye mifupa. Ukiwasha kukata kelele, mngurumo unaondoka karibu wote. Milio ya vyuma kugongana inabaki, mazungumzo ya majirani yanabaki kwa mbali, lakini ule uzito wa kichwa asubuhi unapungua sana. Kwenye vituo nazitoa zote mbili, maana dirishani kuna ndizi, kuna samaki, na bei haisikiki kwa masikio yaliyozibwa.

Na kwenye boti za Kibirizi, kule Ziwa Tanganyika, pia. Anayekwenda Mwamgongo anakaa saa kadhaa na injini inayounguruma mgongoni, tena kama umechelewa kupanda ukakosa nafasi ya mbele, inakuwa mita mbili kutoka kichwani. Hapo mtu wa kuhurumiwa kuliko abiria ni yule anayeshika injini. Kila siku ya kazi yuko nayo ubavuni, na wengi wao ukitaka wakusikie lazima upige kelele, hata mkiwa nchi kavu. Wenye boti wangewapa watu hawa vizibo vya kufunika masikio, vile vya viwandani. Havihitaji betri wala chipu. Nimelisema hili Kibirizi kwa mdomo, nalisema tena hapa kwa maandishi.

Sasa turudi kwenye basi. Injini na matairi ya basi yanakatwa vizuri, hilo sibishi. Spika haikatwi. Chipu inashughulikia vizuri sauti ambayo haibadiliki, kwa sababu ya sasa inafanana na ya sekunde iliyopita. Singeli ina mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ina kinanda chembamba, ina mtu anayerapu juu yake. Muvi ya kutafsiriwa ina milio ya bunduki, ina mayowe, na ina mtafsiri anayepaza sauti kuliko waigizaji wote. Sauti za ghafla na sauti nyembamba zinapita. Kinachozipunguza ni ule mpira unaoziba tundu la sikio, na mpira huo hata eafoni za bei ndogo zinao. Eafoni yangu nzuri chini ya spika ya basi inaondoa mngurumo wa injini, halafu muvi inasikika vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo abiria anafanya nini? Anaongeza sauti ya kwake mpaka ishinde ya spika. Ukichungulia simu za vijana kwenye basi lenye kelele, kile kistari cha sauti kimefika mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima desibeli 80 (kipimo cha ukali wa sauti) ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Basi la Kigoma linatembea kutwa. Kijana anayepambana na spika kwa eafoni zake anaweza kumaliza posho ya masikio ya wiki kabla hatujavuka daraja la Malagarasi, na bado ana safari ya kurudi. Vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti vingine. Hakuna dawa ya kuvirudisha, wala hospitali ya rufaa yenye vya akiba.

Na hao ni wenye eafoni. Kwenye basi lile kulikuwa na mama ana mtoto mchanga, kamlaza mapajani, spika juu yake. Kwa watoto shirika hilo hilo linataja desibeli 75, chini ya kiwango cha watu wazima, kwa sababu masikio yao ni dhaifu zaidi. Mtoto wa miezi michache aambiwe anunue nini? Mzee anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho kinaongeza sauti zinazoingia, aambiwe anunue nini? Bibi mwenye bahasha ya eksirei, ambaye huenda nauli yenyewe ilichangwa na watoto wake, aambiwe akatafute laki kadhaa za eafoni ili tu arudi nyumbani bila maumivu? Ni sawa na jirani anayechoma taka chini ya dirisha lako halafu anakushauri ununue barakoa.

Abiria amelipa nauli. Nauli ile ni ya kufikishwa salama, na masikio ni sehemu ya mwili unaofikishwa. Kelele ya injini hatuwezi kumlaumu mtu, ndiyo chombo kilivyo. Kelele ya barabara ya vumbi, vivyo hivyo. Lakini spika imewashwa na mkono wa mtu na inaweza kupunguzwa na mkono huo huo, bure, kwa sekunde moja. Hapo ndipo siwezi kukubali jibu la eafoni. Kila mmoja wetu anayejizibia masikio na kukaa kimya anamwachia mzigo wote yule asiye na kifaa, naye anabaki peke yake akionekana mkorofi.

Najua madereva watasema muziki unawafukuzia usingizi. Sawa, nakubali, na sitaki dereva asinzie kwenye kona za Uvinza. Spika za mbele zinamtosha. Zile zilizotundikwa katikati na nyuma ya basi hazimwamshi dereva yeyote. Wapo pia abiria wanaotaka muziki na muvi, na safari ndefu ina uchovu wake. Hata mimi kuna nyimbo zikipigwa kwa sauti ya kawaida naimba. Sijasema basi liwe kimya kama chumba cha mtihani.

Mambo yamekuwa mazito zaidi tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023. Ruhusa ile ilikuwa nzuri, imeokoa muda wa wafanyabiashara na wagonjwa. Lakini saa nane za usiku watu wamelala, watoto wamelala, na muvi ya mapigano inaendelea kwa sauti ile ile ya mchana. Tuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na tunazisikia zikitajwa baa na kumbi zinapofungiwa. Mtu anayeishi jirani na baa anaweza kufunga dirisha au kwenda kulala kwa ndugu. Abiria hana pa kwenda.

Barabarani sina mjadala. Bodaboda mwenye eafoni masikio yote mawili simpandi, na aliyenichukua Mwanga kwenda Ujiji nikagundua njiani, nilishuka nikamlipa nikatafuta mwingine. Anayetembea kwa miguu pembeni ya barabara, au anayekatiza reli pale Tabora mjini, azitoe. Ile hali ya eafoni ya kupitisha sauti za nje kupitia maikrofoni inasaidia kidogo dukani au ofisini, lakini haikwambii vizuri pikipiki inatokea upande gani.

Kwa anayetaka kununua: boksi kuandikwa kwamba zinakata kelele si ushahidi. Nyingi za bei ya chini zinazouzwa madukani kwetu ni mpira tu, hakuna chipu ya kazi hiyo ndani. Zijaribu kabla hujatoa pesa. Simama karibu na jenereta, feni kubwa au bajaji inayounguruma, bila kupiga muziki wowote, kisha washa na uzime. Kama hakuna tofauti unayoisikia wazi kwenye ule mngurumo wa chini, rudisha. Uliza betri inakaa saa ngapi ukiwa umewasha kukata kelele. Nyingi zinakaa saa chache tu kisha lazima zirudi kwenye kiboksi chake, na baada ya miaka michache betri ile ndogo inachoka na haibadilishiki. Usiazimane na mtu, maana jasho na vumbi la njia zetu na uchafu wa masikio ya mwenzio ni njia ya fangasi. Kama shida yako kubwa safarini ni usingizi tu, vizibo vya sponji vya duka la dawa vinatosha kabisa, na kwa muvi ya basi vinaweza kukusaidia kuliko chipu, kwa sababu vinaziba hata zile sauti nyembamba.

Reli ya kisasa inajengwa kuja kwetu. Treni za umeme zilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na waliozipanda wanajua utulivu wa mle ndani. Lakini siku zitakapofika Kigoma bado kutakuwa na mabasi, kwa sababu treni haiendi Kasulu wala Kibondo wala Sikonge.

Ninachowaomba wenye mabasi ni kidogo. Fundi awatenganishie spika za mbele na za nyuma, kila upande na swichi yake. Saa tatu usiku za nyuma zizimwe. Mchana abiria akisema sauti imezidi, ipunguzwe bila kumuuliza ana kifaa gani. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, nao waandike hilo kwenye masharti ya leseni waziwazi, na wakaguzi wakipanda kuangalia mikanda na mwendo wasikilize na spika. Na sisi abiria, tuna mazoea ya kuripoti mwendo kasi na nauli iliyozidishwa. Turipoti na hii. Ukipiga simu taja namba ya usajili ya basi, tarehe, saa na mlikuwa mmefika wapi, ili konda asiseme ni basi jingine. Na mtu mzima akiomba sauti ipunguzwe, zitoe masikioni useme naye.