Kilomita 16 kwa Lita, kwa Barabara Ipi?

Inaudhi kuona wauzaji wa SUV ndogo zilizotumika kutoka Japani wakitangaza kwamba gari linakwenda kilomita 16 kwa lita, kana kwamba lilipimwa kwenye foleni ya Ubungo saa 11 jioni. Takwimu nyingi za namna hiyo zilitokana na kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, kilichofanyika maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola na kiyoyozi kikiwa kimezimwa (katika joto la Dar es Salaam, nani anakizima?), kwa dakika 20 hivi na umbali usiofika kilomita 9. Mnunuzi huzidisha 16 kwa tangi la lita 60, akapata kilomita 960, akaamini kuwa atafika Mbeya bila kusimama kituoni. Hakuna anayemweleza kwamba mizigo juu ya keria, matairi yenye upepo mdogo na injini inayounguruma gari likiwa limesimama vyote hula mafuta. Ukimuuliza muuzaji, atakuonyesha kioo cha dashibodi kinachokadiria kilomita zilizobaki, ilhali makadirio hayo hufuata mwendo wa karibuni, na hushuka ghafla mara uingiapo mjini.