Uzio haumzuii mnyama tu, unamfunza

Kila mjadala wa uzio na wanyamapori huishia kwenye swali lilelile: mnyama anapita au hapiti? Kwa maoni yangu swali hilo linatuficha mengi, kwa sababu hata uzio unaovukika unambadilisha anayeuvuka.

Mtazame pronghoni, mnyama wa nyanda za Amerika Kaskazini anayefanana na swala. Kwa mbio hana mpinzani barani kwake, lakini kuruka juu ya kitu kirefu si desturi yake. Akikutana na seng'enge husimama, akaufuata uzio upande mmoja, akarudi, akaufuata upande wa pili, mpaka apate mahali waya wa chini umeinuka kidogo. Hapo hupiga magoti na kujipenyeza, na miiba inamchuna manyoya ya mgongo. Watafiti waliowavisha kola za GPS huko Wyoming, Marekani, waliona kwamba pronghoni mmoja hukutana na uzio karibu mara 250 kwa mwaka, na katika takriban asilimia 40 ya nyakati hizo hubadili mwenendo wake: anageuka, anazunguka, au anabaki akihangaika palepale. Haya yakitokea wakati wa theluji, jike ana mimba na malisho hakuna, anayachoma mafuta ya mwili aliyoyaweka akiba. Halafu sisi kwenye ramani tunaandika kwamba alipita salama.

Wapo wanaojifunza kuutumia. Mbwa mwitu wa hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, walikuwa wakilisukuma windo hadi kwenye waya, na kwa njia hiyo wakaangusha wanyama wakubwa kuliko wale wanaowamudu uwandani. Tembo naye anajua kwamba pembe zake hazipitishi umeme; anakata nyaya kwa pembe, au anaangusha nguzo na kupita juu yake. (Kila anayeniambia uzio wa umeme ndio suluhisho la kudumu, huwa namuuliza kama tembo wake wameshakubaliana naye.)

Kakakuona hana ujanja huo. Kinga yake tangu zamani ni kujikunja. Simba anamgeuzageuza, anachoka, anaondoka. Akiguswa na waya wa chini wenye umeme anafanya hivyohivyo, ila sasa anajikunja akiukumbatia waya wenyewe, na kila mshtuko unazidi kumkaza. Anafia hapo. Uzio ule uliwekwa kwa ajili ya wanyama wengine kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba uzio ukishang'olewa, kazi yake haiishi. Mpakani mwa Ujerumani na iliyokuwa Chekoslovakia, nyaya za umeme za enzi ya Vita Baridi ziliondolewa baada ya 1989. Miaka 25 hivi baadaye, kulungu wekundu walio wengi wa pande zote mbili walikuwa bado wakifika mpakani na kugeuka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hai enzi za waya. Mtoto alimfuata mama, mama alikuwa amemfuata mama yake.

Botswana mambo yalikwenda kinyume. Uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo uliikata njia ya pundamilia kati ya Okavango na mbuga za Makgadikgadi tangu 1968. Ulipoondolewa 2004, haikupita miaka mingi wakaonekana wakisafiri tena, mamia ya kilomita kwenda na kurudi, ingawa hakuna pundamilia wa mwituni angeishi muda wote huo aikumbuke njia. Nafurahi, lakini sikubali mfano huu utumike kutuliza watu. Katika nchi hiyohiyo, miaka ya mwanzo ya 1980, ukame ulipokaza, makumi ya maelfu ya nyumbu wa Kalahari walikufa, na uzio uliowazibia njia ya maji ulichangia sana. Hao hata uking'oa kila nguzo leo hawarudi.

Sisemi tusiweke uzio. Mkulima anayeamka na kukuta shamba limelazwa chini ana haki ya kulilinda, na kuna msitu usingesalia bila waya. Ninachopinga ni uzio wa mazoea, na zaidi ule uliotelekezwa: mifugo imeshaondoka, mwenyewe hajulikani, waya umelegea unanasa miguu ya swala, na majangili wanaukata kutengeneza mitego.

Marekebisho mengine ni rahisi ajabu. Waya wa chini uwe laini, usio na miiba, na uinuliwe sentimita 40 hadi 45 kutoka ardhini ili pronghoni apite chini. Mageti yaachwe wazi msimu ambao hakuna mifugo. Penye kakakuona na kobe, waya wa chini kabisa usitiwe umeme. Na kibali chochote cha uzio kwenye ushoroba, yaani njia wanayopitia wanyamapori, kitaje tarehe ya mwisho, kimtaje atakayeung'oa, na fedha za kuung'oa ziwekwe kando kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.