Kushoto au Chini? Ugomvi Juu ya Asili ya "North"

Kamusi za asili ya maneno ya Kiingereza zikifika kwenye "north", yaani kaskazini, huanza kuongea kwa tahadhari. Kuhusu historia yake ya karibu hazina shaka: Waingereza wa kale walisema "norð", Wajerumani wanasema "Nord", Wadachi "noord", na lugha zote za Kigermaniki zinalo. Shida inaanza zinaporudi nyuma zaidi, kwenye lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ambayo hakuna aliyeiandika. Wataalamu wameiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo. Huko wanataja mzizi "ner-" wenye maana mbili: kushoto, na chini. Walio wengi hushika ya kwanza, nayo ndiyo inayosambaa mitandaoni kana kwamba imekwisha kuthibitishwa. Mimi naona ya pili imedharauliwa bila sababu ya kutosha.

Kwanza tuwatoe mashahidi wasiostahili. Mtu anaweza kusema: mbona Wafaransa wana "nord", Wahispania "norte", Waitaliano "nord"? Si ushahidi huo kwamba neno ni la kale Ulaya nzima? Hapana. Wafaransa walilichukua kwa Waingereza wa kale, na wenzao wa kusini wakalipata kwa njia hiyo hiyo ya kuazima. Warumi, ambao ndio wazazi wa lugha hizo, waliita kaskazini "septentrio", yaani ng'ombe saba wa kulimia, kwa zile nyota saba zinazozunguka ncha ya mbingu. Kura zote hizo ni za mpiga kura mmoja.

Sasa hoja ya kushoto. Simama asubuhi ukielekea jua linapochomoza: kaskazini iko upande wako wa kushoto, kusini upande wa kulia. Lugha nyingi zimezitaja dira hivyo. Katika Kisanskriti "dakshina" ni kulia na ni kusini vilevile, na jina la uwanda wa Deccan kule India limetoka humo. Katika Kiwelshi "de" ni kulia na kusini, na "gogledd", kaskazini, limebeba ndani yake neno la kale la kushoto. Waarabu, ambao lugha yao si ya ukoo huo hata kidogo, wana "yamin" kwa kulia, yamini ile ile tunayoila tukiapa, na Yemeni ikaitwa hivyo kwa kuwa upande wa kulia wa Bara Arabu kwa anayetazama mashariki. "Shimal" kwao ni kushoto na ni kaskazini.

Shahidi mzito kuliko hao anatoka Italia. Katika mji wa Gubbio yalipatikana, karne ya 15, mabamba ya shaba nyeusi yenye maelekezo ya matambiko kwa lugha ya Kiumbria, jamaa ya Kilatini. Humo mna neno "nertru", na maana yake ni kushoto. Hapo mzizi wenyewe umeshikwa na maana ya mkono, wala si kwa kubahatisha kutoka lugha za mbali. Anayetaka kuipinga hoja ya kushoto lazima aanzie kwa Waumbria, na wengi wanaoipinga huwaruka.

Upande wa chini unamwita Mgiriki kwanza. Kwake "nerteros" ni wa chini, na kwa wingi ni wafu walio chini ya ardhi. Lakini kwa nini kaskazini iitwe chini? Jibu liko angani, na kwetu tunaoishi karibu na ikweta, ambako jua huzama kama jiwe na giza likaingia mara moja, halionekani kwa urahisi. Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi jua halizami magharibi hasa. Linazama kaskazini-magharibi na kuchomoza kaskazini-mashariki. Usiku, wekundu wake unatambaa kwenye upeo wa kaskazini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkulima au mvuvi wa huko hakuhitaji mnajimu wa kumwambia kwamba jua linapita chini, na linapita chini upande ule.

Majirani zao Wafini, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, huita kaskazini "pohjoinen", kutokana na "pohja", yaani chini au kitako cha kitu. Kusini ni "etelä", kutokana na neno la mbele. Watetezi wa chini humleta pia Snorri wa Iceland, aliyeandika katika karne ya 13 kwamba njia ya kwenda kuzimu inaelekea chini na kaskazini. Huyu mimi simpi uzito. Aliandika karne nyingi baada ya neno kuzaliwa, na kuzimu kwa baridi kungeweza kupelekwa kaskazini na mtu yeyote aliyewahi kuona majira ya baridi ya huko. Mfini ana uzito zaidi kwa sababu hana hadithi ya kusimulia. Ana neno tu.

Hoja inayonivuta mimi haitajwi sana. Tazama waliozitaja dira kwa mikono: mara nyingi hawaupi mkono mmoja jina wakauacha wa pili. Mwarabu ana kulia na kushoto, na Mwelshi hivyo hivyo. Mmongolia, ambaye hema lake hufunguka kusini, naye ametaja magharibi kwa neno la kulia na mashariki kwa neno la kushoto. Wamisri wa kale walielekea kusini, Nile inakotoka, wakafanya vilevile. Ukimkuta kushoto, tafuta kulia, mara nyingi hayuko mbali. Kwa Kiingereza hayupo. "East" ni ukoo mmoja na Aurora wa Warumi, maana yake ni alfajiri. "West" linaunganishwa na "vesper" la Kilatini, yaani jioni. "South" wengi wanaliunganisha na jua lenyewe. Katika watu wanne, watatu ni wa ukoo wa jua, na wa nne tunaambiwa ni mkono. Jua lililo chini lingefaa zaidi kukaa nao.

Kuna pingamizi, na linatoka nyumbani kwetu. Kiswahili kimechanganya: mashariki na magharibi tumezipata kwa Waarabu, na kwao ni kuchomoza na kuzama, kaskazini na kusini ni pepo, kaskazi inayovuma Desemba hadi Machi na kusi inayofuata baada ya mvua za masika. Tena mwambao wa zamani ulitumia "kibla" kwa maana ya kaskazini, kwani Makka na Mombasa ziko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na ushei. Kama sisi tulichanganya jua, upepo na sala, Wagermani walishindwaje kuchanganya jua na mkono?

Wangeweza. Lakini angalia tulivyochanganya: jua limechukua jozi yake, upepo umechukua jozi yake. Hatuna kaskazini ya upepo inayokabiliana na kusini ya kitu kingine. Kibla ndiyo iliyosimama peke yake bila mwenzake, na ndiyo iliyorudi kwenye maana yake ya dini ikaliacha kaskazini litawale. Mfano wetu unaonyesha kwamba majina ya dira huchanganyika kwa jozi, na hilo linambana mtetezi wa kushoto badala ya kumsaidia.

Kwa hiyo kesi yangu yote inaning'inia kwenye "south". Likithibitika kuwa la jua, "north" kama mkono linabaki yatima. Likionekana ni la kitu kingine, nimepoteza nguzo. Ushahidi wa jua ni huu: Kiingereza kina tabia ya kumeza "n" mbele ya sauti kama "th" na "s". Bata bukini kwa Kijerumani ni "Gans", kwa Kiingereza "goose". Mdomo ni "Mund", kwa Kiingereza "mouth". "South" nalo lilikuwa na "n" iliyomezwa, na tunaijua ilipokuwa. Einhard, aliyeandika katika karne ya 9 maisha ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki waliosema lugha ya Kigermaniki, anaorodhesha majina ya pepo 12 ambayo mfalme huyo aliyatunga kwa lugha yake, kwani kabla yake watu walikuwa na majina ya pepo nne kwa shida. Upepo wa kusini humo ni "sundroni", "n" ikiwa mahali pake, na jua kwa lugha hiyo liliitwa "sunna". Wa kaskazini ni "nordroni", na huo Einhard hausemi kama unatoka kushoto au chini.